Sindano Mbili, Mlima Mmoja

Masasi
12 Mei 2024

Kwa dada yangu, Mama Zuhra,

Shikamoo dada. Barua hii ikukute mzima, wewe na wote waliomo uani kwako. Sisi tunamshukuru Mungu. Mama Mujibu mafua yaliyomkamata siku ya Idi yamemwachia. Sauti imerudi na anaitumia yote kwangu. Mujibu amepiga simu kutoka Tunduru, anakuamkia. Mvua zimepungua, mbaazi zimesimama vizuri, na juzi nimekula ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, nikakumbuka tulivyokuwa tukiimenya ya moto na kuunguza vidole kwa kuogopa kwamba mwingine atamaliza.

Miezi minne imepita tangu nistaafu. Kengele ya shule ikilia bado nanyanyuka kitini, na hapo ndipo mgongo unaponikumbusha kwamba mimi si mwalimu tena.

Lililonifanya nikuandikie ni huo mgongo. Unajua jinsi ulivyonizuia hata kuja kwako. Basi likirushwa mara mbili kwenye mashimo, nafika Newala nimekunjika kama jembe. Mwaka wa tatu huu hatujaonana, na wewe mgongo wako ni huo huo, tumegawana kama tulivyokuwa tukigawana muhogo. Sasa mwezi uliopita ilikuja hapa kambi ya madaktari bingwa, nami nikaenda. Daktari mwenyewe anaitwa Gasper, kijana mpole, anaeleza kama mwalimu mzuri. Alinikunja, akaninyoosha, akanigeuza, akasema tatizo langu si mfupa wala si figo kama nilivyoogopa. Kila pingili ya uti wa mgongo ina viungo vidogo huku na huku, kama bawaba za mlango. Vyangu vya chini vimechakaa, na bawaba ikichakaa mlango hulia.

Kwanza alinichoma ganzi tupu, akitazama kwenye mashine ya picha, ili ahakikishe ndipo penyewe. Maumivu yakaondoka kwa saa chache. Siku ya pili akanichoma ganzi iliyochanganywa na dawa ya kutuliza uvimbe, wanaiita steroidi. Dada, siku ya tano nilifunga kamba za viatu bila kumwita mtu! Leo ni wiki ya tatu. Ndiyo maana naandika nimekaa mezani, mgongo wima, mwandiko wangu ule ule wa ubaoni.

Daktari amesema mwezi wa saba kambi itakuja huko kwenu. Nenda, dada yangu, usiseme ni uzee. Zuhra ana simu, najua, lakini haya sitaki kuyapigia kelele hewani. Konda Dadi atakufikishia barua.

Mdogo wako,
Muharami


Newala
2 Juni 2024

Kwa mdogo wangu Muharami, Baba Mujibu,

Marahaba. Na mimi nakusalimu, na wifi yangu nampa pole ya mafua na pole ya wewe. Barua yako Dadi aliikalia siku tisa. Anasema alisahau. Nimemwambia akisahau tena nitamwambia mama yake, akacheka, lakini nilimwona ameogopa.

Huku hatujambo. Zuhra yupo, mumewe yupo, kuku wamepukutika kwa kideri, wamebaki wawili na jogoo asiye na haya. Maji ndiyo yale yale, bomba linatoa siku linapotaka. Nikiyaona madumu yamejipanga barabarani nakumbuka debe langu, lile lililoandikwa kwa rangi nyekundu herufi zisizosomeka tena. Unakumbuka tulivyokuwa tunatoka alfajiri, tunateremka ule mlima wa ukingoni, chini kabisa ukungu wa Ruvuma na ng'ambo yake Msumbiji, na wewe unauliza kule wanakula nini? Kila siku swali lile lile. Nami kila siku nakujibu, "Wanakula watoto wanaouliza maswali." Siku hizi nikienda pale ukingoni naangalia tu chini. Miguu inataka, kiuno kinakataa.

Nimefurahi kuhusu viatu vyako. Lakini sindano ya mgongo mimi sitaki kuisikia. Bibi yetu alitupigia chuku, akatunyonya damu kwa ile pembe yake nyeusi, na tulipona, au tulisema tumepona ili atuachie.

Haya, lililo zito. Shakila, mjukuu wangu, ametimiza umri. Mama yake, Zuhra, na mimi tumekubaliana achezwe unyago likizo ya Desemba, na kungwi wetu Stamili ameshakubali. Wewe ndiye mjomba wa ukoo. Unajua kwetu mwali hatolewi mpaka mjomba amwage unga wa mtama kwa mkono wake mwenyewe, si kwa simu, si kwa kutuma mtu. Kwa hiyo utakuja. Na mimi ndiye bibi mzaa mama. Siku ya kutoka, mwali hakanyagi ardhi. Bibi humbeba mgongoni kutoka mlango wa kibanda mpaka mkekani. Mimi nilibebwa na bibi. Zuhra alibebwa na mama yetu, mama akiwa na miaka sabini, na uliona alivyopita na yule mtoto uwanja mzima akiimba. Sasa zamu ni yangu. Shakila ni mnene, Muharami, amechukua umbo la baba yake.

Sijakwambia kwamba siwezi. Nimekwambia tu kwamba ni mnene.

Dada yako,
Sikuzani


Masasi
23 Juni 2024

Kwa dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeipata barua yako na nimeisoma mara tatu, ya tatu kwa sauti ili Mama Mujibu asikie habari za jogoo. Amecheka mpaka akakaa. Kwetu ni salama. Mikorosho imeanza kuchipua majani mapya na harufu ya salfa, ile dawa ya mikorosho, imejaa mji mzima. Ukipumua unadhani umewasha kiberiti puani.

Unga nitaumwaga kwa mkono wangu, inshallah. Hilo usiwe na wasiwasi nalo.

Ila wewe mgongo wako. Nilimpigia simu Daktari Gasper, nikamweleza habari zako, pamoja na sukari yako ambayo kwenye barua umeiruka kama dimbwi. Akasema steroidi inaweza kupandisha sukari kwa siku kadhaa, wakati mwingine wiki, kwa hiyo kwako si chaguo la kwanza. Ipo sindano nyingine. Wanachukua damu yako mwenyewe mkononi, wanaiweka kwenye mashine inayoizungusha mpaka ile nyekundu inakaa chini na maji ya manjano yanabaki juu. Hayo ya manjano, yenye chembe za kuponya, ndiyo wanayorudisha kwenye kiungo.

Nikamwuliza kama mwalimu: ipi bora? Akanijibu kwamba hataki kunidanganya. Steroidi hufanya kazi mapema, ila kwa wengi hupungua baada ya wiki au miezi michache. Ya damu huchelewa, siku za mwanzo huumiza zaidi, nafuu huja wiki ya nne au ya sita, na kwa baadhi ya watu imeonekana kudumu zaidi. Lakini utafiti haujakamilika, wapo wasiosaidiwa na yoyote. Ipo na ya tatu, kuchoma kwa joto ule mshipa unaopeleka habari ya maumivu. Hiyo mpaka Dar es Salaam. Na zote, anasema, ni kufungua mlango tu. Anayeingia ni mgonjwa mwenyewe, kwa mazoezi.

Nikamwambia pia habari ya kumbeba mwali. Aliniuliza mwali ana uzito gani. Kisha akasema, "Mwambie bibi aje, tuzungumze."

Mimi naendelea vizuri mno. Wiki hii nimebeba mwenyewe mashine ya kupulizia salfa, mikorosho arobaini. Vijana wa hapa walisimama kunitazama.

Mdogo wako,
Muharami


Newala
4 Agosti 2024

Kwa Muharami,

Marahaba mwanangu wa mgongoni. Zuhra hajambo, Shakila hajambo, jogoo tumemla.

Nimechomwa. Usishangilie. Nilikwenda kwa ajili ya Shakila, si kwa ajili ya maneno yako. Zuhra alinipeleka, na foleni ilikuwa ya wazee wa Newala nzima, kila mmoja ameshika kiuno chake kama amekiazima. Tulicheka sana. Nilikutana na watu niliocheza nao rede, hawana meno.

Walipochukua damu niliuliza itakayobaki inakwenda wapi. Yule dada wa maabara akasema inatupwa. Inatupwa wapi? Akasema inachomwa. Nikamwambia nitaifuata nione, maana damu ya mtu haiachwi ovyo mezani, hata kama wewe umesoma. Akakataa, nami nikakataa kulala kitandani, mpaka Daktari Gasper mwenyewe akanipeleka nyuma nikaona shimo na moshi. Huyo daktari amelelewa. Ndipo nikalala.

Kabla ya kunichoma aliniuliza maswali mengi. Nilibeba nini maishani? Nikamwambia maji, kuni, watoto na korosho. Aliniuliza kama niliwahi kuanguka vibaya ujanani. Nikamwambia sikumbuki.

Sindano yenyewe inauma. Siku nne za mwanzo nilikulaani wewe na chuo chako cha ualimu. Jirani akaniletea vidonge vya maumivu, nikavikataa, maana daktari alisema kwa wiki mbili vile vya kutuliza uvimbe vitaharibu kazi. Jirani huyo alitaka kunipigia chuku pia, nikamwonyesha mlango. Nafanya na mazoezi niliyopewa, kulala chali na kuinua kiuno. Mengine sitakueleza, habari za kiuno haziandikwi kwa ndugu wa kiume.

Kuhusu kumbeba mwali, daktari amesema miezi mitatu nisibebe kitu kizito kuliko sufuria ya ugali. Baada ya hapo tutaona. Amesema "tutaona" kama watu wanavyosema kwa mtoto anayeomba baiskeli.

Naswali kwenye kiti bado. Hilo ndilo linaloniuma kuliko sindano.

Nimesikia habari ya mashine ya salfa. Mikorosho arobaini! Mgongo umekusamehe mara moja, nawe unakwenda kuutukana?

Dada yako,
Sikuzani


Masasi
29 Septemba 2024

Kwa dada,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa kujibu, kazi zilikuwa nyingi. Sisi wazima. Korosho zimeanza kudondoka. Mama Mujibu anakusalimu.

Nimefurahi umepata matibabu. Fuata masharti ya daktari.

Umeandika kwamba alikuuliza kama uliwahi kuanguka.

Nitaandika zaidi nikipata nafasi.

Muharami


Newala
13 Oktoba 2024

Kwa mdogo wangu,

Marahaba. Barua gani hiyo? Nimeifungua nikadhani Dadi amedondosha kurasa nyingine njiani. Nimemgombeza bure mtoto wa watu.

Halafu nikautazama mwandiko. Muharami, mimi kusoma nilijifunza kwa barua zako. Ulipokuwa chuoni, nami niko kwenye darasa la watu wazima chini ya bati la soko, mwalimu anaandika "kuku" na "kaka", nilikuwa naharakisha nijue ili nisimpe mtu mwingine anisomee barua ya ndugu yangu. Barua ya kwanza niliyoisoma peke yangu maishani ni yako. Ulisema umepata shati jeupe. Nililia kwa shati! Kwa hiyo mwandiko wako naujua kuliko unavyoujua wewe. Huu wa Septemba umelala, mistari inapanda kama inakwea ukuta. Umeandika ukiwa umejilaza. Sindano imeisha nguvu, na hutaki kusema kwa sababu uliitangaza kwa shangwe. Ni hivyo, si hivyo?

Sikucheki. Nilitaka kucheka, nikashindwa.

Mimi nikwambie yangu. Wiki ya kwanza hadi ya tatu, hakuna kitu. Ya tano niliamka nikageuka kitandani bila kushika ukuta. Leo ni wiki ya kumi na mbili. Ijumaa iliyopita nilitandika mswala chini, nikarukuu, nikasujudu, paji la uso likagusa mkeka kwa mara ya kwanza tangu mwaka juzi. Nilikaa pale pale chini muda mrefu. Zuhra akaja mbio akidhani nimeanguka.

Mgongo haujapona wote. Nikisimama sana jikoni bado unanikumbusha. Na usidhani najisifu kwamba yangu imeshinda yako, maana mimi nilikatazwa kubeba nikakatazika, wewe ulijitwisha mashine. Hatuwezi kujua ni dawa au ni adabu.

Lakini kuna jambo jingine hulisemi. Si mgongo tu. Umeandika mstari mmoja kuhusu kuanguka, ukauacha umesimama peke yake kama mgeni mlangoni. Mkaribishe basi.

Na utakuja Desemba? Bila unga wako Shakila hatoki. Stamili ameanza kuuliza.

Sikuzani


Masasi
10 Novemba 2024

Kwa dada yangu Sikuzani,

Shikamoo. Sisi wazima, na Mama Mujibu ndiye aliyeniambia nisipokuandikia leo atakuandikia yeye.

Ndiyo, naandika nikiwa nimejilaza. Nafuu ilianza kupungua wiki chache baada ya ile mashine, na mwezi wa tisa mgongo ukarudi kama mwenye nyumba. Nimempigia Daktari Gasper. Anasema sindano ile inaweza kurudiwa lakini si kila mara, na pengine mwakani nijaribu ya damu kama wewe. Akaniuliza mazoezi. Nikaulizia hali ya hewa, kama mwanafunzi ambaye hakufanya kazi ya nyumbani.

Sasa hilo jingine. Nimelibeba tangu mwaka sabini na mbili. Nilikuwa na miaka minane na wewe kumi na mitano. Ilikuwa mwezi wa kiangazi, tumeteremka mlima kuchota maji, na wakati wa kurudi nikasema nimejikwaa, mguu umeteguka, siwezi kupanda. Ulimwaga nusu ya maji, ukajitwika debe kichwani, mimi ukaniweka mgongoni. Ulipofika karibu na jiwe jeusi nilisikia mabega yako yanatikisika. Nikajua unalia kwa uzito wangu. Na bado sikushuka. Kisha ukateleza, tukaanguka wote, wewe chini kwa kiuno juu ya mawe, mimi juu yako. Maji yote yakamwagika. Nyumbani mama akakugombeza kwamba umecheza njiani, na siku ile hatukupika. Hukusema lolote. Ulitembea umeinama kama wiki mbili.

Dada, mguu wangu haukuwa na kitu. Nilichoka tu. Nilidanganya ili unibebe.

Mwezi uliofuata nikaingia jando, nikatoka mwanaume, na nikaona aibu kusema. Kisha nikawa mwalimu, nikawa nawachapa watoto kwa uongo mdogo kuliko ule. Kila uliposema kiuno kinakuuma nilikusikia. Nilipoenda kambini na kukusukuma uende, sikuwa nakuhurumia tu, nilikuwa nataka daktari alipe deni langu. Halafu ukaandika kwamba alikuuliza kama uliwahi kuanguka, nawe ukamjibu hukumbuki. Unakumbuka. Hakuna kitu cha mlima ule ambacho hukikumbuki.

Kama hutaki nimwage unga wa mjukuu wako kwa mkono huu, niambie. Usiponiambia, nitakuja hata kwa kulazwa garini.

Muharami


Newala
29 Desemba 2024

Kwa mdogo wangu, Baba Mujibu, mjomba wa ukoo,

Marahaba, na salamu kwa wifi ambaye najua ameisoma barua hii kabla yako. Natumaini mlifika salama. Newala bado wanazungumza habari yako: mjomba aliyekuja na unga wa mtama, akiwa amelazwa ubavu juu ya godoro la sufi kwenye pikapu, wakamteremsha kama gunia la korosho. Shakila anasema hatasahau. Huku mvua imenyesha vizuri siku mbili, tumekinga maji kwenye kila chombo, hata kile kikapu cha plastiki cha Zuhra chenye tundu.

Siku tatu ulizolala kwangu ulikuwa ukinitazama kila nikikupitishia chai, unangoja nitie neno juu ya barua yako ya Novemba. Sikutia. Ngoma ya mtoto haichanganywi na mambo ya wazee. Sasa wageni wameondoka, naandika.

Nianze na usilolijua. Ya ndani ya kibanda siwezi kukuandikia, wewe ni mwanaume. Ya mlangoni nitakwambia. Daktari alikuwa amenipigia wiki moja kabla. Alisema hatua chache, taratibu, mtoto akae juu mgongoni na watu wawili pembeni, basi. Uwanja mzima hapana. Nilimwambia nimesikia. Sikumwambia nitafanya nini, maana uwanja ule mama aliupita wote, nami nilikuwa nimeapa moyoni kuupita.

Nilipoinama pale mlangoni na Shakila akanipanda, goti langu la kushoto liliyumba. Stamili aliona. Unamjua Stamili, hana maneno mengi. Akapaza sauti, "Mkeka umfuate bibi!" Wale wanawake wakaubeba mkeka kutoka kule mwisho wa uwanja, wakiimba kana kwamba ndivyo ilivyokuwa siku zote, wakautandika karibu na mlango. Nikatembea hatua saba. Shakila alikuwa ameniwekea shavu shingoni, jasho lake na mafuta ya nyonyo, nikasikia harufu ya bibi yetu. Nikamkalisha. Mguu wake haukugusa ardhi. Nilikuona umeinuka kwenye godoro lako, unafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi.

Kesho yake mgongo ulidai haki yake, nikalala siku mbili. Sasa natembea. Jana nimesujudu chini tena. Mwezi wa pili kambi itarudi huko Masasi, na wewe utakwenda kuchomwa ya damu, na utafanya mazoezi, na mashine ya salfa utamwachia mwenye mgongo. Kisha tutalinganisha tena.

Haya. Mlima.

Muharami, ulipojikwaa kule chini ulishika mguu wa kulia. Nikakubeba. Tulipofika pale pa kupumzikia pa kwanza nilikushusha ili nipange vizuri kata yangu ya kichwani, na wewe ukasahau, ukachechemea wa kushoto. Ulichechemea vizuri kabisa, na uso umeukunja. Nikakutazama, nikajua. Mama alikuwa ameshaniambia kwamba mwezi unaofuata unaingia jando, na ukitoka huko utakuwa mwanaume, dada hambebi tena. Mimi nilikubeba tangu una siku arobaini. Basi nikainama, nikasema panda. Nilitaka nikufikishe nyumbani mgongoni mara moja ya mwisho, mguu uwe wa kulia au wa kushoto.

Mbele kidogo ukaanza kuugulia, "Dada, mguu, mguu." Nikawaza, upi? Nikashikwa na kicheko. Nikakizuia kwa ajili ya debe kichwani, nikakizuia kwa ajili yako usione haya, na kikanishinda pale penye jiwe jeusi. Daktari nilimwambia sikumbuki kwa sababu ningesimulia ningecheka tena, na yeye alikuwa na sindano mkononi.

Miaka hamsini na miwili umebeba mabega yangu yakilia. Yashushe, mdogo wangu. Nilikuwa nacheka, ndiyo maana niliteleza.

Dada yako aliyekubeba,
Sikuzani